Bonde Hununuliwa Kiangazi: udongo, majani na malisho katika mabonde ya pembezoni mwa Dar es Salaam

Vuli ikikawia, mabonde ya pembezoni mwa Dar es Salaam ndiyo yanayobaki na rangi ya kijani. Kuanzia Mto Mpiji, unaotenganisha Kinondoni na Bagamoyo, hadi Kizinga na Mzinga upande wa Temeke, vilima vinakuwa vimekauka na vumbi linatimka, lakini chini bondeni majani yapo. Ndipo wanapofika watu watatu: mwenye ng'ombe, mwenye mbegu za mchicha na mwenye lori la kifusi. Kila mmoja ana hesabu yake, ila kosa lao ni moja: wanalipima bonde likiwa kavu.

Makala haya yanauliza swali la yule wa kwanza. Mabonde haya, yanayojaa maji masika na kukauka juu kiangazi, yana uwezo gani wa kulisha mifugo, na uwezo huo unapimwaje? Jibu la haraka la maofisini ni idadi ya ng'ombe kwa hekta kwa mwaka. Jibu hilo linapotosha. Thamani ya bonde la msimu haimo katika wastani wa mwaka. Imo katika siku: siku ambazo maji yamesimama, siku ambazo ardhi inabeba kwato, na siku za kiangazi ambazo hakuna majani mahali pengine. Pembezoni mwa jiji linaongezeka swali lingine linalotangulia yote: maji yaliyoyalea majani hayo yametoka wapi?

Kilima huandika, bonde husoma

Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,100 za mvua kwa mwaka, nyingi kati ya Machi na Mei, na sehemu ndogo vuli, Oktoba hadi Desemba. Vilima vya Pugu na Kisarawe ni mawe laini ya mchanga yenye kaolini. Kutoka hapo kuelekea baharini kuna tabaka nene za mchanga uliochanganyika na mfinyanzi. Karibu na pwani unakuja mchanga mweupe na mawe ya matumbawe, kama yale yanayochimbwa Wazo kwa ajili ya saruji. Mabonde yamekatwa ndani ya tabaka hizo, na ndiyo maana udongo wake hauwezi kueleweka bila kutazama kilima kilicho juu yake.

Wazo hili lina historia ya hapa hapa nchini. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alionyesha miaka ya 1930 kwamba udongo wa Afrika Mashariki hujirudia kwa mpangilio ule ule kutoka mgongo wa kilima hadi sakafu ya bonde: mwekundu juu, wa kichanga na uliopauka ubavuni, mweusi wa mfinyanzi chini. Aliuita mpangilio huo katena, yaani mnyororo, na neno hilo leo limo katika vitabu vya udongo duniani kote. Lakini wakulima walikuwa wanaujua kabla yake. Wasukuma wana majina yao kwa kila hatua ya mteremko: luseni kwa kichanga cha juu, itogolo kwa udongo wa kijivu wenye tabaka gumu chini, mbuga kwa mfinyanzi mweusi wa bondeni. Kila jina hubeba na matumizi yake, kwa maana anayelitamka anajua palimwe nini na ng'ombe waingie lini.

Pembezoni mwa Dar es Salaam mnyororo huo upo, ila una tabia ya pwani. Kwa kuwa vilima ni vya kichanga, mvua nyingi huzama badala ya kutiririka. Maji hayo hutembea chini kwa chini, yakakutana na tabaka la mfinyanzi, kisha yakachomoza mguuni mwa kilima, mahali mteremko unapokutana na sakafu. Ukanda huo wa chemchemi ndogo ndogo ndio unaobaki na unyevu hadi Septemba. Kwa hiyo bonde lina sehemu tatu zisizofanana: kingo zinazovuja, sakafu inayojaa na kupasuka, na mkondo wenyewe. Ripoti inayolitaja bonde zima kwa jina moja la udongo, au kwa kiwango kimoja cha malisho, imekwisha kukosea kabla haijaanza kuhesabu.

Kinachosomwa shimoni

Kupima udongo wa bonde hakuhitaji maabara siku ya kwanza. Kunahitaji keekee ya udongo, au jembe na subira, na mashimo yanayofuata mstari mmoja kutoka kilimani hadi mkondoni, kila shimo likifika mita moja au zaidi.

Kitu cha kwanza ni rangi, kwa sababu rangi ni kumbukumbu ya maji. Udongo wenye hewa huwa mwekundu au wa kahawia kwa sababu chuma chake kimeshikana na oksijeni. Ukifunikwa na maji kwa wiki kadhaa, vijidudu vya udongoni humaliza oksijeni iliyobaki, kisha huigeukia ile iliyofungwa ndani ya chuma. Chuma huyeyuka na kuondoka, na udongo hubaki wa kijivu. Maji yanaposhuka, hewa hupenya kwenye njia za mizizi na chuma huganda tena kama madoa ya kutu. Hivyo anayechimba shimo mwezi Agosti, jua likiwaka, bado anaweza kuiona masika. Penye madoa ya kutu, maji huja na kuondoka. Penye kijivu kitupu, maji hukaa karibu mwaka mzima. Madoa yakianzia sentimita 20 tu kutoka juu, hapo si mahali pa kujenga banda, achilia mbali nyumba, hata muuzaji aape namna gani kwamba hapajai.

Kitu cha pili ni mguso. Udongo uliolowa kidogo ukisukumwa kwa kidole gumba, ukatoa utepe mrefu wa sentimita 5 au zaidi usiokatika, huo ni mfinyanzi mzito. Mfinyanzi mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Nyufa zake huweza kumeza mkono mzima. Una rutuba ya kutosha kwa nyasi, lakini siku zake za kufaa ni chache: ukilowa unanata na kumzamisha ng'ombe, ukikauka unakata mizizi. Katika mabonde mengi ya Dar es Salaam mfinyanzi huo hauko peke yake. Shimo huonyesha matabaka: mchanga, mfinyanzi, mchanga tena. Kila tabaka la mchanga ni furiko moja lililopita. Likiwa jipya, nene, na limechanganyika na vipande vya plastiki, linasema kwamba mto umebadili tabia katika miaka ya karibuni. Jambo hilo tutalirudia.

Kitu cha tatu kinawahusu walio karibu na bahari. Kandokando ya mikoko ya Mtoni, Mbweni na mdomo wa Mto Msimbazi, na sehemu za Kunduchi ambako pamekuwa na mashamba ya chumvi, udongo una mambo mawili ya kuogopa. Moja ni chumvi yenyewe, inayochagua nyasi na kuzikataa nyingi. La pili ni madini ya salfa yaliyojikusanya ndani ya tope. Yakibaki chini ya maji hayana neno. Bonde likichimbwa mitaro na kukaushwa, yanakutana na hewa na kuwa asidi kali, na ardhi iliyokuwa na majani inabaki upara. Mtu anayeshauriwa kukausha bonde ili apate malisho bora aulize kwanza kama tope lake linanuka mayai viza.

Majani hayasemi uongo, ila hayasemi yote

Mimea hukamilisha kile ambacho shimo limeanza. Matete na mafunjo hupatana na maji yanayokaa muda mrefu. Ndago na jamaa zake wenye mashina ya pembe tatu huonyesha unyevu unaorudi mara kwa mara. Ukoka hutanda penye kukanyagwa na kuliwa sana, kwa sababu hutambaa na kuota tena kutoka kwenye vifundo vyake. Mbigiri na magugu yasiyoliwa yakianza kutawala, mifugo imekwisha kuzidi. Mikoche, ambayo imeupa Mikocheni jina lake, husimama penye maji yasiyo mbali chini ya mchanga. Gugu maji likijaa kwenye vidimbwi, maana yake maji yana mbolea nyingi kuliko inavyostahili, na mbolea hiyo mara nyingi ni ya vyooni.

Kwa malisho, tofauti kati ya wingi na ubora ni kubwa hapa kuliko kilimani. Tete refu linajaza macho. Ng'ombe analipenda likiwa changa, linapokomaa anakula majani ya juu na kuacha bua. Nyasi za sakafu ya bonde hukua haraka masika, wakati hakuna mnyama anayeweza kuzifikia, na maji yanapoondoka nyingi zimekwisha kuchanua. Protini ya nyasi ikishuka chini ya asilimia 7 hivi ya uzito mkavu, vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe hukosa chakula chao, usagaji unapungua, na mnyama anakula kidogo ingawa majani yamemzunguka. Ndiyo maana ng'ombe anaweza kukonda akiwa ndani ya bonde la kijani. Ukanda wenye thamani kuliko wote ni ule wa kingo, unaovuja: nyasi zake fupi huchipua tena zikikatwa, hata mwezi wa tisa. Kwa bahati mbaya ndio ukanda ambao wajenzi huuanza, kwa sababu unaonekana mkavu.

Hivyo tathmini ya mimea lazima ifanywe mara mbili: mwishoni mwa masika, kujua kinachoota, na mwishoni mwa kiangazi, kujua kinachobaki. Mwenye ziara moja tu amepima msimu. Bonde lenyewe bado hajalipima.

Hesabu ya ng'ombe, kwa siku

Tufanye hesabu ya mfano, kwa takwimu za kukadiria ambazo kila mfugaji anaweza kubadilisha kwa zake. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 anahitaji kama kilo 10 za majani kwa siku, tukihesabu uzito mkavu, mbali na pumba na mashudu. Kwa kuwa majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa, hizo ni karibu kilo 50 za majani yaliyokatwa, mzigo kamili wa baiskeli. Chukua hekta moja ya kingo, yaani ekari mbili na nusu, inayotoa tani 6 za majani makavu kwa mwaka. Theluthi moja ibaki shambani ili mizizi isife na udongo usibaki wazi. Zinabaki tani 4.

Ukigawa kwa mwaka mzima, ng'ombe mmoja anahitaji tani 3.65, kwa hiyo hekta moja ni ng'ombe mmoja na kidogo. Hilo ndilo jibu la kitabuni, na kwa mtu wa Boko au Chamazi halina maana: nani ana hekta nzima kwa ng'ombe mmoja? Lakini mfugaji wa pembezoni hana shida ya majani mwezi wa nne. Wakati huo nyasi zipo kila mahali, kwenye viwanja visivyojengwa na kandokando ya barabara. Shida yake ni siku kama 150, Juni hadi Oktoba. Kwa siku hizo ng'ombe mmoja anahitaji tani moja na nusu. Hekta ile ile sasa inawavusha ng'ombe wawili hadi watatu, mradi majani yakatwe kwa wakati na mengine yakaushwe yakingali na virutubisho. Uwezo wa bonde umeongezeka zaidi ya mara mbili bila mbolea wala mbegu mpya, kwa kubadilisha swali tu.

Kutunza malisho kwa ajili ya kiangazi ni utaratibu wa zamani nchini. Wasukuma wana ngitili, eneo linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa wakati wa shida. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, uliirudisha katika sehemu kubwa ya mkoa huo ambayo ilikuwa imekuwa jangwa. Pembezoni mwa Dar es Salaam ngitili ya kuchungia haiwezekani, kwa sababu kundi la ng'ombe haliwezi kupita katikati ya mitaa bila ugomvi. Kinachowezekana ni ngitili ya panga na kamba, majani yakakatwa na kupelekwa bandani.

Ufugaji wa bandani wenyewe jiji linaujua. Mishahara ilipopoteza thamani miaka ya 1980, wafanyakazi wengi wa serikali na mashirika walianza kufuga ng'ombe wa kisasa nyuma ya nyumba. Kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992 zilikuja kuuwekea mipaka: ng'ombe wasiozidi wanne, na walishwe ndani. Kanuni iliwafungia ng'ombe banda, haikusema majani yatoke wapi. Yalitoka mabondeni, na kwa kiasi kikubwa bado yanatoka huko, kwa baiskeli, kwa guta na kwa bodaboda, bila mpango wowote kuyataja.

Hoja ya kukata badala ya kuchunga ina msingi wa udongo pia. Kwato juu ya mfinyanzi uliolowa huuponda na kuziba vitundu vya hewa. Ukikauka unakuwa kama sakafu, na mvua inayofuata haizami. Wiki mbili za kuchungia tope zinaweza kuharibu kile kilichojengwa kwa miaka. Kwa hiyo, hata kule ambako kuchunga bado kunawezekana, kanuni ya kwanza ni kuingiza mifugo pale tu mguu wa mtu mzima usipoacha shimo.

Ugonjwa huja na majani mabichi

Bonde linalovutia zaidi kwa macho ya mchungaji ni lile ambalo maji yameanza kuondoka. Ndilo pia lenye hatari zaidi. Minyoo ya ini huanza maisha yake kwenye kinyesi cha ng'ombe, huingia kwa konokono wa majini, kisha hujibandika kwenye majani ya ukingoni ikisubiri kuliwa. Maji yanaposhuka, majani hayo ndiyo laini na ndiyo ya karibu. Kukata juu ya usawa wa maji na kukausha kabla ya kulisha hupunguza hatari. Kuchungia hapo kunaikamilisha. Kupe nao hungoja kingoni kwenye nyasi ndefu, na ndigana kali haichagui ng'ombe wa kisasa wala wa kienyeji, ingawa wa kisasa hufa upesi zaidi.

Homa ya Bonde la Ufa inafuata njia nyingine. Baadhi ya mbu wanaoieneza hutaga mayai kwenye udongo wa mbuga, na mayai hayo huweza kukaa miaka yakingoja furiko kubwa. Mlipuko wa 2006 na 2007 katika Kenya, Somalia na Tanzania ulifuata mvua zisizo za kawaida, na uliua watu na mifugo. Bonde lililokaa kimya miaka saba linaweza kuamka kwa mvua moja. Anayefuga karibu na mbuga afuatilie utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa makini kama anavyofuatilia bei ya maziwa.

Kisha kuna mambo ya jiji. Kila mkazi wa mabondeni anajua maana ya kutapisha choo: mvua kubwa ikinyesha, tundu linafunguliwa na shimo linajimwaga kwenye furiko. Mayai ya tegu kutoka kwa binadamu hubaki kwenye majani, ng'ombe huyala, vifuko vyake hujificha ndani ya nyama, na nyama isiyoiva vizuri humrudishia binadamu tegu wake. Ukaguzi machinjioni, Vingunguti au kwingineko, ndio unaovunja mzunguko huo. Ng'ombe anayechinjwa kienyeji hapitii huko.

Madini mazito ni shida isiyoonekana. Mwaka 1999 wanakemia Bahemuka na Mubofu walichapisha vipimo vya kadimi, shaba, risasi na zinki katika mboga zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi. Swali waliloliuliza kwa mchicha linaenda moja kwa moja kwa nyasi, kwa maana maziwa na maini ni mboga zilizopitia kwa ng'ombe. Majalala ya zamani ya Vingunguti na Mtoni yaliwekwa pembeni ya mabonde, na viwanda vingi viko juu ya mito hiyo hiyo. Katika mabonde ya ndani ya jiji, kipimo cha madini kitangulie kipimo cha rutuba. Udongo ukifeli hapo, mengine yote hayana haja ya kupimwa.

Bonde linaamuliwa juu yake

Turudi kwenye lile tabaka la mchanga wenye plastiki. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541 katika sensa ya 2012 na 5,383,728 katika ile ya 2022. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imekwenda pembezoni, juu ya vile vilima vya kichanga vilivyokuwa vinameza mvua. Bati, saruji na lami havimezi. Maji yaliyokuwa yanafika bondeni kwa wiki kadhaa, yakipita chini kwa chini, sasa yanafika kwa saa chache yakipita juu. Matokeo yake ni mawili yanayoonekana kupingana: mafuriko makubwa zaidi masika, na kingo kavu zaidi kiangazi. Chemchemi zilizolisha nyasi za Septemba zinakufa kwa sababu maji yake yalikimbia mwezi wa nne.

Uchimbaji wa mchanga unaongeza la tatu. Katika mito kama Tegeta, Mbezi na Mpiji, mchanga wa ujenzi hutolewa mkondoni. Mkondo ukishuka mita mbili, maji ya chini ya bonde nayo hushuka kuufuata, kingo hubomoka, na sakafu iliyokuwa inajaa kila masika inabaki juu, kavu, ikiota magugu ya kilimani. Upande wa pili lori la kifusi linainua sehemu moja ya bonde na kuyasukumia maji kwa jirani. Bonde la Mpunga, Msasani, palipolimwa mpunga zamani, leo ni makazi yaliyobanana ambako maji bado yanatafuta njia zao za zamani.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na serikali ikawahamishia waathirika wengi Mabwepande. Bomoabomoa ya mwishoni mwa 2015 iliondoa mamia ya nyumba katika bonde la Msimbazi. Hata hivyo karakana ya mabasi ya mwendokasi, huduma iliyoanza Mei 2016, ilikuwa imejengwa Jangwani, katikati ya bonde lile lile, na ikafurika mara kwa mara. Somo si kwamba maskini ndio hujenga vibaya. Taasisi zenye wahandisi nazo hulisoma bonde likiwa kavu.

Sheria ya mita 60

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu hifadhi ya ukingo huo. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inaruhusu maeneo hayo, pamoja na ardhioevu na mikoko, yatangazwe kuwa ardhi hatarishi. Nia ni njema, kipimo ndicho kigumu. Mita 60 ni pana mno penye korongo lenye kingo ndefu, na ni nyembamba mno penye sakafu bapa ambako maji hutanda mita mia kadhaa. Katena ya Milne inafaa kuliko futi kamba: mpaka wa bonde ni pale madoa ya kutu yanapokoma kuonekana karibu na uso wa ardhi.

Zimbabwe iliwahi kupita njia ya katazo tupu. Sheria za kikoloni, kuanzia ile ya maji ya 1927, ziliwazuia wakulima kulima mabonde ya aina hii; baadaye utafiti ulionyesha kwamba bustani ndogo za Waafrika kingoni, zilizotunzwa kwa mikono, hazikuwa zikiyaua kama ilivyodaiwa. Kampala, kwa upande wake, imeishi na kinamasi cha Nakivubo kinachochuja majitaka ya jiji kabla hayajafika Ziwa Victoria, na kadiri kinavyoliwa kwa viwanda na mashamba ya magimbi ndivyo ziwa linavyopokea uchafu mwingi zaidi. Mifano hii miwili inakutana mahali pamoja: bonde likikosa matumizi halali yanayolihitaji libaki bonde, litapata matumizi haramu yanayolihitaji life.

Kukata majani ni matumizi ya aina hiyo. Si shughuli ya kudumu, haijengi, na inahitaji nyasi zibaki. Kikwazo ni umiliki. Sheria ya Maeneo ya Malisho ya 2010 imejengwa juu ya kijiji na halmashauri yake. Pembezoni mwa jiji vijiji vimegeuka mitaa, na serikali ya mtaa haina ardhi ya pamoja ya kutenga. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu inasimamia maji, manispaa inasimamia viwanja, afisa mifugo anasimamia chanjo. Majani hayana mwenyewe.

Mabonde matatu, majibu matatu

Atakayeuliza kwa nini jiji la watu zaidi ya milioni tano lihangaike na ng'ombe kabisa, ana haki ya kuuliza. Lakini bonde halitabaki wazi kwa sababu mpango umelipaka rangi ya kijani. Mipango kabambe ya 1968 na 1979 haikuzuia ujenzi. Ardhi inayomwingizia mtu kipato halali kila mwezi ina mlinzi. Kwa hiyo jibu litofautiane kwa mahali.

Mabonde ya ndani, kama Msimbazi kuanzia Vingunguti kwenda chini, yatolewe kabisa katika hesabu ya malisho. Mradi wa bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo mwaka 2022, unalitazama kama njia ya maji na bustani ya jiji, na hiyo ndiyo kazi yake sasa.

Mabonde ya katikati, kama Kizinga, Tegeta na Mbezi, yana nafasi ya kukatwa majani kingoni kwa masharti: udongo upimwe madini, majani yakaushwe, mabingobingo na milusina ipandwe juu ya usawa wa mafuriko ya kawaida ili kuongeza protini na kushika ukingo, na mchanga usichimbwe. Kizinga una sababu ya ziada, kwa kuwa maji yake hulisha mtambo wa maji wa Mtoni; nyasi kingoni ni chujio la kwanza la maji ya kunywa.

Mabonde ya nje, Mpiji, Mabwepande, Mzinga ya juu na tambarare za Kigamboni, ndiyo pekee yenye uwezo halisi wa malisho uliobaki, na yana miaka michache. Huko tathmini ifanywe kabla ya upimaji wa viwanja: mistari ya mashimo, ziara mbili kwa mwaka, ramani ya kingo zinazovuja, na kikundi cha wafugaji wa bandani kinachopewa haki ya kukata kwa mkataba na manispaa, kikiwajibika kwa kifusi na mchanga ndani ya eneo lake. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya kulipa fidia na kuhamisha watu baada ya furiko.

Na mnunuzi wa kiwanja, ambaye hana ng'ombe wala nia ya kufuga, anaweza kutumia nusu ya makala haya bure. Achimbe shimo la mita moja kabla ya kulipa. Akikuta kutu sentimita 20 chini, muuzaji amemwonyesha malisho ya kiangazi na kuyaita kiwanja.